Matairi makubwa kwenye gari la zamani: urembo ni wa mwenye gari, hatari ni ya abiria

GOMA – Gari lililotoka kiwandani miaka ishirini au thelathini iliyopita likiwa na rimu za inchi 14 halipati nguvu mpya kwa kuvalishwa rimu za inchi 17. Linapata sura mpya tu. Injini ni ile ile, breki ni zile zile, na watu wanaokaa ndani mara nyingi ni wengi kuliko viti.

Ndiyo sababu desturi hii ya kuvalisha magari ya zamani matairi makubwa haifai kuachwa iwe ladha ya mwenye gari peke yake. Inawahusu abiria. Na kuliko wote inawahusu familia zilizokimbia vita, ambazo hazina nafasi ya kuchagua gari. Zinapanda lile lililopo, pamoja na magodoro, masufuria na gunia la mwisho la maharagi.

Mtindo wenyewe haukuzaliwa Kivu. Huko Marekani, wapenzi wa magari ya zamani yenye injini kubwa, kama Chevrolet Camaro na Ford Mustang za miaka ya 1960, wamezoea kutoa rimu za inchi 14 zilizokuja na gari na kuweka za inchi 17 au 18. Picha za magari hayo zinafika leo kwenye simu ya kila kijana. Lakini kuna kitu ambacho picha haionyeshi. Wengi wa watu hao wanaongeza ukubwa wa rimu ili ndani yake iingie diski kubwa ya breki, kwa sababu mengi ya magari hayo yalitoka na breki za ngoma. Kisha wanalitembeza gari kwenye lami nzuri, watu wawili ndani, bila mzigo. Kinachoigwa huku ni nusu ya kazi: rimu na tairi. Breki inaachwa kama ilivyokuwa.

Rimu kubwa haiinui gari

Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba rimu kubwa, au janti kama wanavyosema wengi kwenye garaji, inaliinua gari juu ya mawe. Maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi yanaonyesha ukweli. Tairi likiandikwa 195/70R14, maana yake upana wake ni milimita 195, ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu yake ni ya inchi 14. Ukipiga hesabu, kimo cha gurudumu zima ni karibu milimita 629. Sasa chukua tairi la 215/45R17, ambalo machoni ni kubwa na la kisasa. Kimo chake ni karibu milimita 625. Gari halikuinuka hata kidogo.

Kilichobadilika ni ubavu wa mpira. Kwenye tairi la kwanza ubavu una milimita 136. Kwenye la pili umebaki milimita 97. Karibu sentimita nne za mpira zimeondoka, na mahali pake pamekuja chuma.

Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa sana maana ya hilo. Nyiragongo ilipolipuka mwezi wa kwanza 2002, lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Mwezi wa tano 2021 ilishuka tena mpaka Buhene, pembeni mwa mji, ikakata barabara ya Rutshuru. Mji umejengwa juu ya mawe hayo, na njia nyingi za mitaani ni mawe hayo hayo. Ubavu wa tairi ndio mto unaopokea pigo la jiwe kabla halijafika kwenye chuma. Ukiupunguza, jiwe linabana mpira juu ya rimu, tairi linapasuka ubavuni, na ubavu uliopasuka haushonwi ukawa salama tena. Rimu yenyewe inapinda au kupata ufa.

Tairi zuri linaloweza kubeba kidogo

Jambo la pili halionekani kwa macho, na ndilo linalomgusa zaidi anayesafiri na mizigo. Baada ya maandishi ya ukubwa, kila tairi huwa na namba nyingine ndogo, kama 87 au 91. Hiyo ni namba ya uzito. Tairi lenye 91 linaruhusiwa kubeba kilo 615. Lenye 87 linaruhusiwa kilo 545. Matairi mengi ya 195/70R14 yana 91, na matairi ya kawaida ya 215/45R17 yana 87, isipokuwa yale yaliyoimarishwa kiwandani.

Tofauti ni kilo 70 kwa kila tairi, yaani kilo 280 kwa matairi manne. Hiyo ni zaidi ya mifuko mitano ya kilo 50. Gari limepambwa, lakini limepoteza uwezo wa kubeba mifuko hiyo, na hakuna aliyewaambia abiria. Dereva anaendelea kupakia kama jana. Tairi lililozidishwa uzito linapata joto, na joto likizidi linapasuka likiwa kwenye mwendo, si likiwa limesimama.

Kuna pia umri wa tairi. Matairi mengi yanayouzwa kwa bei ambayo watu wanaiweza ni ya okazioni. Mwisho wa maandishi ya DOT kuna namba nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lenye 2214 lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata ukiwa umefungiwa kwenye depo. Kulipaka rangi nyeusi hakulirudishi ujana.

Tairi refu na breki ya zamani

Wapo wanaofanya kinyume: wanaweka tairi lenye kimo kikubwa kweli, ili gari lipite kwenye mashimo na matope. Hao wana sababu, na sababu yao ni ya haki. Barabara ni mbaya. Gari likigusa chini, linapasua sampu ya mafuta na kazi ya siku inaishia hapo. Gurudumu refu linavuka shimo vizuri kuliko fupi. Hakuna anayeweza kumlaumu dereva kwa kutaka gari lake lifike.

Lakini hesabu ifanywe hadi mwisho. Akitoa tairi la 195/70R14 na kuweka la 215/65R16, kimo kinapanda kutoka milimita 629 hadi 686. Gari linainuka kwa nusu tu ya tofauti hiyo, yaani chini ya sentimita tatu. Hiyo ndiyo faida.

Hasara ni nyingi zaidi. Gurudumu limekua kwa asilimia 9, kwa hiyo saa ya mwendo ikionyesha kilomita 60, gari linakwenda zaidi ya 65. Na kadiri gurudumu linavyokua, breki ile ile inashika kwa nguvu ndogo zaidi pale tairi linapogusa barabara: kilichokuwa 100 kinakuwa karibu 92. Kwa maneno mengine, gari linakimbia kuliko dereva anavyoona, na linasimama kwa shida kuliko alivyozoea. Wakati wa kupanda mlima, injini nayo inachoka na klachi inaungua.

Anayesukuma chukudu analijua jambo hili bila kitabu. Akishuka na gunia za viazi au makala, anachofikiria kwanza ni kile kipande cha mpira anachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Hawezi kuongeza mzigo wala kubadilisha gurudumu bila kujiuliza atasimama vipi. Mwenye gari naye anapaswa kujiuliza hivyo hivyo.

Mteremko hausamehi. Anayeshuka Ngomo kwenye njia ya Bukavu kwenda Uvira, au Kabasha kwenye njia ya Butembo kwenda Rutshuru, anashuka kwa breki na kwa gia. Asilimia 8 inayopotea kwenye breki haionekani mjini, kwenye njia ya tambarare. Inaonekana pale, gari likiwa limejaa watu, breki zikiwa za moto tayari.

Nani afanye nini

Suluhisho si kupiga marufuku kila rimu mpya. Linaloombwa ni kwamba anayebadilisha gurudumu kwenye gari linalobeba watu kwa malipo afuate mambo machache, na mengi kati ya hayo hayana gharama.

Kimo cha gurudumu zima kibaki karibu na kile cha kiwanda. Kibandiko chenye ukubwa na upepo wa matairi kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva katika magari mengi yanayotoka Japani. Hata kama maandishi hayasomeki, namba zinasomeka. Namba ya uzito isishuke chini ya ile ya mwanzo. Na anayetaka tairi refu atengeneze breki kwanza.

Fundi naye ana neno lake. Rimu ambayo matundu yake hayalingani na bolti za gari isilazimishwe wala kupanuliwa matundu. Rimu inayotokeza nje sana inaumiza beringi. Na kabla gari halijatoka kwenye garaji, lipakiwe uzito, kisha usukani ukatwe mpaka mwisho, kushoto na kulia. Tairi likigusa bati, au likigusa mpira unaopitisha mafuta ya breki, kazi haijaisha. Jaribio hilo linachukua dakika tano. Fundi anayekataa kulifunga rimu lisilofaa anaweza kupoteza mteja mmoja, lakini anayekubali yote anapeleka watu barabarani kwa bahati.

Vyama vya madereva vinajua kila gari linalopakia kwenye parkingi zao. Vinachukua mchango wa kila siku. Ni haki mchango huo uambatane na mtu mmoja wa kutazama matairi kabla gari halijaingia kwenye zamu ya kupakia. Na wale wanaosimamisha magari njiani kutafuta karatasi wanaweza kuinama pia na kutazama namba nne za DOT.

Wapo watakaosema kwamba abiria hana sauti, hasa mama aliyekimbia na watoto na anayetafuta tu kufika mahali penye usalama. Ni kweli kwamba siku ya kukimbia hakuna anayesoma tairi. Lakini siku za kwenda sokoni, za kurudi kutazama shamba, za kupeleka mgonjwa, zipo. Siku hizo anaweza kuuliza kwa heshima: "Papa shofere, haya matairi mapya yanabeba kilo ngapi?" Swali hilo si tusi. Dereva mwenye kujali atalijibu, na asiye na jibu atalazimika kulitafuta, hasa abiria watatu wakiliuliza kwa siku moja.

Mwenye gari ana haki ya kupenda gari lake ling'ae. Gari la kwenda nalo kanisani au harusini na mkewe, alivalishe atakavyo. Siku analipeleka parkingi na kupokea nauli, halibebi tena urembo wake peke yake. Kama fedha inatosha kununua kitu kimoja tu, anunue breki. Rimu zitasubiri.