Televisheni nazo zichomwe bambo

Mnunuzi wa maharage anayefika Balangdalalu hanunui kwa kusoma maandishi ya juu ya gunia. Huchoma bambo, akamwaga punje kiganjani na kuzitazama. Akikuta mchanganyiko, bei hushuka pale pale au gunia hukataliwa. Wiki hii safu hii inauliza kwa nini bidhaa nyingine inayolipiwa kila mwezi vijijini, yaani vipindi vya televisheni, haikaguliwi hivyo.

Mtindo unajulikana. Kituo hufunguliwa kwa shabaha moja, kikishapata jina hujaza kitu kingine. K24 ya Nairobi, iliyoanzishwa na Bi. Rose Kimotho, ilijitangaza kuwa kituo cha habari saa 24. Ilipopata wamiliki wapya ikageuka kituo cha kawaida cha burudani na kila kitu. Huko Marekani MTV ilianza mwaka 1981 kwa muziki mtupu. Mwaka 2010 iliondoa hata maneno ya "televisheni ya muziki" kwenye nembo yake. Angalau hao walibadilisha maandishi ya gunia.

Sababu ni hesabu. Kumtuma mwandishi Hanang kuuliza bei kunataka gari, mafuta na posho ya siku kadhaa. Tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti ya Kiswahili hununuliwa kwa mkupuo. Mpira nao una wateja wa uhakika: mwaka 2021 Azam Media ilikubali kulipa Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10 ili ionyeshe Ligi Kuu. Hatulaumu mpira, na wengi wetu tunautazama. Lakini hakuna aliyewahi kuweka mezani hata sehemu ndogo ya fedha hizo kwa ajili ya bei za maharage.

Je, kituo kinaweza kurudishwa kwenye shabaha yake? Mfano mmoja unafaa kutazamwa na wafanyabiashara. The Weather Channel ya Marekani ilianza mwaka 1982 kwa kutangaza hali ya hewa tu. Baadaye ikajaa vipindi vya maisha ya watu na visa vyao. Januari 2014 kampuni ya DirecTV, iliyokuwa na wateja wapatao milioni 20, iliiondoa kwenye orodha yake na kuweka kituo kingine cha hali ya hewa, ikisema watazamaji wanataka mvua na upepo, si visa. Ilipofika Aprili kituo kilirudishwa baada ya kukubali kupunguza vipindi hivyo kwa nusu siku za kazi. Hakuna waziri aliyetoa amri wala mahakama iliyoamua. Mnunuzi wa jumla alikataa gunia.

Mpenzi msomaji, kwetu jambo hili lina fedha ndani yake. Muuzaji wa mahindi, mbaazi au ng'ombe mara nyingi husikia bei ya Arusha au Singida kutoka kwa yule yule anayetaka kumnunulia. Watasema siku hizi kuna simu. Ni kweli, lakini simu hukupa bei ya mtu mmoja, na yeye naye ana yake. Bei iliyotangazwa mbele ya watu wote huisikia mkulima na dalali kwa wakati mmoja.

Hali ya hewa nayo haitoshi kupewa dakika mbili baada ya habari. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, hupata mvua nyingi, huku upande wa Ziwa Balangida ukibaki mkavu. Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitabiri vuli yenye mvua kubwa. Desemba 3 mwaka huo tope la mlima liliingia Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Hatusemi kipindi kingezuia tope. Tunasema wilaya kama hii inahitaji mtu wa kueleza utabiri kwa kirefu, kata kwa kata.

Wako watakaotaka TCRA, inayotoa leseni za maudhui, iwabane wenye vituo. Kukagua kama kituo kinafanya kilichoombewa leseni ni sawa. Kupangiwa vipindi na ofisi ni jambo jingine, na safu hii hailitaki.

Mnunuzi wetu wa jumla ni kampuni za ving'amuzi, zinazochukua fedha za kifurushi Balangdalalu kama zinavyochukua Dar es Salaam. Wa pili ni wauza mbegu, mbolea na huduma za fedha kwa simu. Hawa wanalipia matangazo wakimlenga mkulima, kisha tangazo linawekwa katikati ya tamthilia. Kabla ya kusaini mkataba wa msimu ujao, waulize tangazo litakaa kwenye kipindi gani na mkulima atakuta nini hapo, na jibu liandikwe ndani ya mkataba.