Umelipia faiba, kasi inafia kwenye kichwa cha RJ45

Kampuni za intaneti zinashindana kutangaza kasi. Ila ofisi nyingi kasi hiyo inaishia kwenye kile kichwa cha plastiki mwishoni mwa kebo.

Kebo ya Cat6 ina nyaya nane, yaani jozi nne. Kila jozi imesokotwa kivyake ili mawimbi yake yasiingie kwenye jozi ya jirani. Fundi akifungua msokoto kuzidi milimita 13 hivi, kinga inapungua.

Kosa baya zaidi ni mpangilio. Jozi moja inatakiwa kukaa nafasi ya 3 na 6, ikiiweka kati ile ya 4 na 5. Fundi mwenye haraka anazipanga kwa mfuatano: 1-2, 3-4, 5-6, 7-8. Rangi zinafanana pande zote mbili, testa ya bei chee inawasha taa zote, unaambiwa "iko poa bosi."

Testa hiyo inapima kama waya umeunganika tu. Mwingiliano haiuoni. Data zinapotea njiani, lawama anabeba mtoa huduma.

Kabla hujalipa, angalia waya wa nne na wa tano. Zote mbili ziwe za bluu, moja ikiwa na nyeupe. Kama sivyo, abane upya.