Filamu za Mapigano na Ngumi Iliyozuiliwa



Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Isha, jirani yetu mmoja alitushika mkono nje ya msikiti akatuomba tumsikilize. Mwanawe wa miaka 9 alikuwa amempiga mdogo wake teke la uso hata jino likang'oka. Alipoulizwa sababu, mtoto alijibu kwamba alikuwa akimwiga stelingi wa picha aliyoitazama mchana ule.

"Ustadhi," alisema jirani yetu, "nimekwisha apa. Picha za ngumi haziingii tena nyumbani kwangu. Nawe uandike gazetini, wazazi wote wasikie."

Tunaandika kama alivyoomba, ila hatuwezi kuandika yale yale aliyotaka. Insafu inatudai tukiri kwanza kwamba sisi wenyewe tumekulia ndani ya picha hizo. Wa rika letu tunavikumbuka vibanda vya video vya mitaani, mabenchi yake ya mbao, na mfasiri aliyeshika kipaza sauti akiwasemesha Wachina Kiswahili cha uswahilini. Tukitoka humo kila mmoja wetu alikuwa Bruce Lee, na kila ukuta ulikuwa wa kurukwa. Wako waliovunjika mikono, na wako waliopata humo hamu ya mazoezi iliyowaepusha na vijiwe. Leo tukizitazama tena picha zile, tunajiuliza mambo mawili: pigano hili limeanza kwa sababu gani, na limekomea wapi? Tumechagua chache tunazozipenda ili tulieleze jambo hilo.

Tuanze na The Way of the Dragon ya mwaka 1972, ambayo Bruce Lee aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Kijana anatoka Hong Kong kwenda Roma kuwasaidia jamaa zake, ambao mkahawa wao unaandamwa na wahuni. Pigano la mwisho linafanyika ndani ya magofu ya Colosseum, baina yake na Chuck Norris. Wengi hulikumbuka kwa mateke. Sisi tunalikumbuka kwa ukimya wake. Kabla ya pigo la kwanza, wanaume wawili wananyoosha viungo vyao taratibu, hakuna anayemvizia mwenzake, na paka mdogo anawatazama. Mwanzoni Lee anazidiwa. Anapobadili mwendo wake na kuwa mwepesi, mambo yanageuka. Norris anavunjika mkono na mguu, na hapo Lee anamtikisia kichwa kumsihi aache. Mpinzani anakataa, na pigano linaisha kwa mauti. Lee hashangilii. Analichukua vazi la mpinzani wake na mkanda wake mweusi, anamfunika navyo, kisha anapiga goti. Katika kibanda cha video watazamaji walikuwa wakipiga mbinja wakati huo, na kwa hiyo wengi wetu hatukukiona kipande hicho mpaka tulipokuwa watu wazima.

Mwaka 1973 ikaja Enter the Dragon. Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 32, kabla picha hiyo haijaanza kuonyeshwa. Watu husimulia pigano la chumba cha vioo. Kwetu sisi kilicho bora zaidi ni kipande kifupi cha melini, ambamo hakuna hata kofi moja. Mbabe mmoja anawaonea vijana wa melini, kisha anamchokoza Lee aonyeshe mtindo wake wa kupigana. Lee anamwambia kwamba pale pamebana, na kwamba wangeweza kwenda kwa mtumbwi kwenye kisiwa kilicho karibu. Mbabe anatangulia kuingia mtumbwini. Lee anailegeza kamba, mtumbwi unabaki ukivutwa nyuma ya meli huku maji yakiingia, na kamba anawakabidhi wale vijana waliokuwa wakionewa. Aliyeonewa amesalimika, na mwenye kiburi amepata adabu bila kuumizwa.

Kwa subira, hakuna inayoizidi The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978. Mwigizaji Gordon Liu ni kijana anayekimbilia hekalu la Shaolin akiwa na kiu ya kulipiza kisasi dhidi ya watawala waliowaua watu wake. Anadhani atafundishwa ngumi mara moja. Badala yake, mtihani wake wa mwanzo ni kuvuka maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea ili afike penye chakula, na kila siku anatumbukia. Kisha anabeba ndoo za maji kwa mikono iliyonyooshwa, visu vikiwa vimefungwa mikononi, akilegea tu vimchome mbavu. Sehemu kubwa ya picha ni mafunzo. Mtoto anayetaka kuwa hodari kwa siku moja na aitazame hiyo.

Jackie Chan ametuachia somo la namna nyingine. Katika Police Story ya mwaka 1985 anaruka kutoka ghorofani ndani ya duka kubwa, anaushika mlingoti uliozungushiwa taa na kuteleza nao mpaka chini, vioo vikipasuka. Viganja vyake viliungua kwelikweli. Katika picha zake nyingi, hadithi inapomalizika huonyeshwa vipande vilivyoharibika: mruko uliokosewa, mtu anayegugumia kwa maumivu, machela inayoletwa. Wazazi, msiizime televisheni kabla ya sehemu hiyo. Hapo ndipo mtoto anapoona kwamba mwili wa stelingi nao ni nyama na mifupa.

Picha inayotugusa kuliko zote ni Fearless ya mwaka 2006. Jet Li anamwigiza Huo Yuanjia, bingwa wa kweli aliyefariki Shanghai mwaka 1910, ingawa mengi yaliyomo ni ya kutungwa. Mwanafunzi wake anarudi amepigwa na bingwa mwingine aitwaye Qin. Huo hamuulizi kisa. Anamfuata Qin karamuni, wanapigana, na Qin anakufa. Kulipiza kifo hicho, mama yake Huo na binti yake mdogo wanauawa. Ndipo anapobaini kwamba mwanafunzi ndiye aliyetangulia kukosa, tena kwa jambo la aibu lililoigusa nyumba ya Qin. Alisikiliza upande mmoja, na nyumba mbili zikafiwa. Baada ya miaka ya majuto kijijini, anapanda ulingoni dhidi ya Tanaka kutoka Japani, na katikati ya shindano hilo anatiliwa sumu. Mwishoni anapata nafasi ya kumpiga pigo la kuua, naye anauzuia mkono wake. Anaanguka yeye, na Tanaka mwenyewe anamtangaza kuwa mshindi.

Katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) tumejulishwa kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Tumelisikia fundisho hilo mara nyingi mimbarini. Huo analifikia baada ya kumzika mama na mtoto.

Hata hivyo, si kila picha ya namna hii inafaa sebuleni. The Raid ya mwaka 2011, kutoka Indonesia, inaanza na askari kijana, Rama, akiswali nyumbani kwake, kisha anamuaga mkewe mjamzito. Mzazi anayetazama dakika hizo tu anaweza kudhani amepata picha ya familia yote. Ustadi wa silat uliomo ni wa hali ya juu, lakini damu inayomwagika baada ya hapo haimfai mtoto hata kidogo. Mzazi na aitazame picha yote mwenyewe kwanza.

Sasa turudi kwa jirani yetu. Tulimuuliza maswali mawili. La kwanza: mtoto aliitazama ile picha na nani? Akajibu kwamba alikuwa peke yake, kwenye simu. La pili: "Ulipoliona jino la mdogo limeng'oka, ulimfanya nini mkubwa?"

Alinyamaza kidogo. "Nilimzaba kofi."

"La wapi?"

"La uso, Ustadhi."

Hatukumcheka, kwa kuwa nasi tumewahi kufanya hivyo. Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso, hata katika ugomvi. Teke mtoto alilichukua kwenye picha, lakini huenda alikwisha kujifunza nyumbani kwamba uso ni mahali pa kupigwa. Kuzifukuza picha na kuliacha kofi hakutamsaidia.

Ushauri wetu ni mwepesi kuusema na mzito kuutenda. Chagua picha mwenyewe, kaa na wanao, na simu isiwe mlezi wao. Pigano linapokwisha, waulize yale maswali mawili. Mtoto akizidi kuupenda mchezo huo, mpeleke kwa mwalimu mwenye adabu. Katika judo, somo la mwanzo ni namna ya kuanguka bila kuumia. Na mkono wako, ewe mzazi, uwe wa kwanza kuzuiliwa.

Juzi jirani yetu alitupa habari kwamba wamekitazama pamoja kile kipande cha mtumbwi, yeye na wanawe wawili. Mkubwa aliuliza: "Baba, mbona hakumpiga?" Jirani yetu alitukiri kwamba hakuwa na jibu papo hapo, ikabidi wakirudie.

Tukutane wiki ijayo, inshaAllah. Wabillahi tawfiq.