Tuzibue Sinki kwa Mikono, si kwa Sumu

Sinki lizibapo, wengi wetu hukimbilia kumimina kostiki soda. Desturi hii haifai. Kemikali hiyo huunguza ngozi na yaweza kupofusha macho. Tena ikutanapo na maji hutoa joto kali.

Mara nyingi uchafu umekwama katika kiwiko cha bomba chini ya sinki. Alexander Cumming alipata hataza ya mpindo wa namna hiyo, kwa ajili ya choo, huko Uingereza mwaka 1775. Maji yatuamayo humo huzuia hewa chafu isiingie nyumbani.

Basi tega ndoo, fungua kiwiko, ondoa mafuta yaliyoganda, kisha kikaze. Lakini ikiwa kostiki imekwisha kumiminwa, usikifungue. Afadhali mikono michafu kuliko jicho lililopofuka.