MAONI YETU: Debe la Rahisi Litatugharimu Chaza



Juzi alifika mtu na madebe ya rangi ya kupaka chini ya chombo. Bei rahisi, lakini madebe hayana karatasi ya maelezo. Anasema, "Hii kali, mdudu hagusi mbao mwaka mzima." Baadhi yetu wameshafurahi. Sisi tunasema: ngojeni kwanza.

Hatukatai, chombo kinahitaji kinga. Wazee wetu walipaka deheni, yaani chokaa na shahamu, wakakipweleza na kukikwangua. Hizi rangi kali hufanya kazi kwa kuachia sumu majini kidogo kidogo. Na yule mdudu atobowaye mbao ni wa jamaa moja na chaza na kome. Sumu inayomwua huyu itawaachaje wale?

Fundisho liko Ufaransa, kwenye ghuba ya Arcachon, ambako watu hufuga chaza. Miaka ya 1970 boti nyingi za starehe humo zilipakwa rangi yenye sumu iitwayo TBT. Kuanzia 1977 mbegu za chaza zikawa hazishiki, mwaka baada ya mwaka. Chaza wakubwa walinenepa magamba, nyama ndani kiduchu. Mwaka 1982 serikali ikaikataza rangi hiyo kwa boti fupi kuliko mita 25, na mbegu zikaanza kushika tena.

Huko Uingereza nako, kome majike waliota viungo vya kiume, njia ya mayai ikaziba, wasizae tena. Na sumu yenyewe ni kidogo mno: gramu 1 ndani ya lita milioni 1,000 yatosha kuwaharibu. Ikizama kwenye tope hukaa miaka mingi. Ndiyo maana tangu Septemba 2008 mkataba wa mataifa unaikataza kwenye meli. Rangi nyingi za siku hizi hutumia shaba, nayo ikizidi huua watoto wa chaza.

Sasa debe lisilo na maelezo, nani atajua ndani mna nini? Huenda ni hiyo hiyo iliyokatazwa.

Na tukiri kosa letu. Mwaka jana mashua ya ushirika tuliikwangulia pale pale pwani, takataka zikachukuliwa na maji. Akina mama wanaookota chaza na kome mwambani walilalamika, nasi tukawacheka. Haikuwa haki. Sisi tunapata faida ya chombo, wao ndio wanaolipa, na watoto wanaokula mchuzi ule ni wetu sote.

Kwa hiyo tunaomba mkutano uamue haya:

1. Ushirika usinunue debe lolote lisilo na maelezo.
2. Vyombo vikwanguliwe juu, maji yasikofika hata wakati wa bamvua, na juu ya turubai. Takataka zitiwe kwenye debe lenye mfuniko, zisichomwe wala kutupwa, mpaka bwana uvuvi atuelekeze.
3. Ngalawa zinazopandishwa pwani kila mara zitumie deheni na kukwanguliwa. Hazihitaji sumu.
4. Akina mama wa mwambani wawe na sauti katika jambo hili.

Kukwangua ni kazi, tunajua. Lakini mwamba ukishakufa, hakuna duka linalouza mwingine. Shime, ndugu, tukutane mkutanoni.