Usaili usigeuzwe njia ya kuvuna michoro ya bure

Kuna mtindo umeota mizizi katika ajira za usanifu wa ndani ya majengo jijini Dar es Salaam, na ukiachwa utaiua fani hii ingali changa. Kijana aliyemaliza chuo anaomba nafasi ya chini kabisa. Anajibiwa upesi, tena kwa maneno matamu, kisha anapewa "jaribio": apange sebule, jiko na chumba kikuu cha kulala, atoe picha za 3D, achague rangi, vigae, taa na mapazia, na aambatanishe makadirio ya gharama. Siku tatu. Akishatuma, hapigiwi simu tena.

Ramani anayotumiwa ina vipimo kamili vya kuta, mahali pa madirisha na mabomba, na maelekezo kwamba mwenye nyumba hapendi rangi ya kijivu. Kupima uwezo wa mwombaji kunahitaji mabomba ya nyumba ya mteja kwa sababu gani? Kampuni ikiwapa waombaji kadhaa kazi hiyohiyo, inabaki na mapendekezo ya kuchagua na kumpelekea mteja anayelipa, bila yenyewe kutoa hata shilingi.

Wanaodhani kuchora ni kubofya vitufe wajue siku hizo tatu zinavyokwenda. Picha za 3D zinataka kompyuta yenye nguvu, na wengi wa vijana hawa hawana. Wanaazima, au wanakodi, wanaiacha ikichakata usiku kucha huku wakiomba umeme usikatike. Makadirio nayo hayatungwi kichwani. Mwombaji aende Kariakoo kuulizia vigae na mapazia, apite Keko kwa mafundi samani kujua kabati la mninga linasimama kwa bei gani, amtafute fundi jipsamu amtajie gharama za dari. Nauli yake, bando lake. Mzazi aliyejinyima kulipa ada ndiye huyohuyo anayeombwa hela ya "jaribio".

Mwenye kwao anaweza kuvumilia majaribio ya namna hii mwaka mzima hadi bahati imwangukie. Mtoto wa mama lishe hawezi. Ataacha, hata akiwa na kipaji kuliko wote. Na mteja naye hasalimiki: analetewa mchoro wa mtu ambaye hajakanyaga nyumba yake, na siku fundi anapogundua soketi imezibwa na kabati, aliyechora hayupo wa kuulizwa.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda michoro na ramani. Mwombaji ambaye hajaajiriwa, hajalipwa wala hajasaini kuhamisha haki yake, kazi bado ni yake. Kumjengea mteja kwa mchoro huo bila ridhaa ya aliyeuchora ni kuchukua mali ya mtu.

Kwingine wameona aibu hii wakaikemea. Mwaka 2019, Serpentine Galleries ya London ilimtaka msanifu wa Japani, Junya Ishigami, kuwalipa wote watakaofanya kazi kwenye banda aliloteuliwa kulibuni, baada ya kufichuka kwamba ofisi yake ilikuwa ikichukua vijana wa mafunzo bila malipo. Jina kubwa halikumkinga.

Tunakubali kwamba mwajiri ana haki ya kujua anamwajiri nani. Basi aombe kazi ambazo kijana ameshazifanya chuoni, au amketishe ofisini saa mbili achore chumba cha kubuni, mbele ya macho yake. Akitaka kazi kamili ya nyumba ya mteja, alipe, aajiri asiajiri.

Tunaitaka Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB) itoe tamko la wazi kwa kampuni inazozisimamia na ifungue mlango wa malalamiko ambao mhitimu hataogopa kuutumia. Chuo Kikuu Ardhi, kinachowafundisha vijana hawa, kiwafundishe pia hakimiliki kabla hawajavua joho. Nanyi mnaoomba kazi: andikeni jina na tarehe juu ya kila picha, tumeni nakala zenye ubora mdogo, na kabla ya kuchora mstari wa kwanza ulizeni kwa maandishi kama nyumba hiyo ina mteja.