Butura ni ujumbe kwa viongozi wa ushirika

Mwaka 2005 kampuni ya simu ya Safaricom ya Kenya, ikiongozwa na Michael Joseph na kushirikiana na Vodafone, ilijaribu huduma ya kurejesha mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Kampuni haikuwakataza, bali ilibadili mpango wake. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kuwa huduma ya kutuma fedha.

Viongozi wa vyama vya msingi vya kahawa, Ihanda na Karagwe nzima, wana la kujifunza hapo. Kwa miaka mingi butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini, imekemewa kila mkutano lakini haijakoma. Mkulima hapendi hasara. Ada ya shule na ugonjwa havisubiri mavuno.

Ni maoni yetu kwamba chama kiwaulize wanachama: fedha mnazihitaji mwezi gani, na kiasi gani? Kisha kipange akiba, mikopo na malipo kwa kufuata majibu hayo. Wanachama nao wahudhurie mikutano na kusema ukweli. Marufuku bila fedha mkononi itamwacha mkulima mikononi mwa mlanguzi.